Mikono Juu ya Meza

Ukimuuliza Mwalimu Ngoma saa, vidole vyake vitajibu kabla ya mdomo. Vitagonga paja, au kifungo cha koti, au ubavu wa kikombe cha chai, polepole na kwa mpangilio, kisha ndipo sauti itatoka, laini, bila kukwama popote. Wanafunzi wake ndio waliompa jina hilo, na walidhani wamemkomoa. Kumbe mwenyewe alilipenda. Mtu akishaitwa Ngoma, hakuna anayemuuliza kwa nini anagonga.

Na hilo ndilo alilolitaka, kutoulizwa. Mwalimu huyu alikuwa na kigugumizi. Sisemi kile cha kuparaza neno moja ukiwa na hasira, maana hicho kila mtu anacho. Chake kilikuwa kigugumizi hasa, cha kumfunga mtu taya katikati ya salamu na kumwacha ametoa macho. Utotoni alikuwa akitumwa dukani anaonyesha kwa kidole, na muuza duka alimhesabu kuwa ni bubu, akawa anamwonea huruma na kumwongezea peremende. Peremende alizila, lakini ile huruma ilimkaa kooni.

Kifaransa ndicho kilichomwokoa. Alipofika sekondari alimkuta mwalimu mmoja wa kike, mkali kweli kweli, aliyekuwa akikata vitenzi kwa rula: kila silabi pigo moja mezani, na darasa zima linafuata. Siku alipoitwa kusimama, kijana alifungua mdomo akijua kabisa kwamba anakwenda kuchekwa. Rula ikagonga, ulimi ukafuata, rula ikagonga tena, na kitenzi kirefu cha ajabu kikatoka chote mpaka mwisho. Aliyeshangaa zaidi ni yeye. Alirudi nyumbani akigonga kuta njia nzima, na baada ya muda akagundua kuwa hila hiyo inakubali hata kwa Kiswahili, mradi kidole kipate pa kugonga. Tangu hapo hakuna mgeni aliyewahi kumsikia akikwama.

Aliyejua siri hiyo ni mkewe peke yake, naye aliijua kwa njia ya kuchekesha. Enzi za uchumba, kila alipomshika mkono wakitembea, bwana alikuwa haongei. Akimwachia, maneno yanarudi. Binti wa watu akaamini kuwa ni mapenzi yamemzidi mwenzake nguvu, akawa anatamba kwa mashoga zake. Alipokuja kuambiwa ukweli walikuwa wameshaoana, akacheka mpaka akakaa chini, halafu akaapa kwamba halitamtoka mdomoni.

Basi mtu huyu akawa mwalimu wa Kifaransa, na akafundisha kwa njia pekee aliyoijua. Kipindi cha vitenzi vigumu alikianza kwa Kiswahili. Anaandika ubaoni tusingalifahamiana, anageuka, anasema, "Gongeni." Madawati yanaitikia: tu-si-nga-li-fa-ha-mi-a-na.

"Mmeona? Mzigo wote huo mnaubeba mdomoni kila siku na hamjawahi kulalamika mgongo. Sasa Mfaransa mnamwogopea nini?"

Ndipo anaandika nous nous serions aperçus, yaani tungaligundua, na kuanza kukata. Mfaransa, alikuwa akiwaambia, anaandika maneno manne na kuacha nafasi katikati, lakini mdomo hauzioni nafasi hizo. Mdomo unaona mnyororo mmoja tu: nu-nu-se-ryon-za-per-syu. Ile s ya mwisho wa serions, ambayo ikiwa peke yake inalala, hapa inaamka, inaruka ua na kwenda kuanza silabi kwa jirani. Na zile herufi tatu za mwisho katika ils parlent? "Hizo zimekuja harusini kula tu," anasema. "Zimevaa, zimekaa mbele, hazisemi kitu. Msizigongee." Darasa linacheka, linagonga, linashika. Hata wale wazito wa kukariri walikuwa wakiondoka na kitenzi kimoja au viwili vilivyonyooka.

Kitu kimoja hakuwaambia: kwamba kugonga ni ngazi, na kwamba ukishafika juu ngazi unaiacha. Angewaambiaje, na yeye mwenyewe hajawahi kuiacha?

Siku ya mtihani wa kuzungumza ilipofika, mtahini kutoka bodi ya mitihani alikaa katika chumba kidogo cha maktaba. Wanafunzi waliingia mmoja mmoja, wasome kifungu ambacho hawajawahi kukiona, kisha waulizwe maswali. Waliobaki walisubiri nje, kwenye benchi refu lililoegemezwa ukutani. Mtihani huo ulibeba nusu ya alama za somo, na kwa msichana mmoja waliyemwita Chiriku ulibeba zaidi ya hapo. Chiriku, ambaye jina lake linatosha kueleza tabia yake, alikuwa akitaka chuo cha wakalimani tangu alipojua kuwa kuna watu wanaolipwa kwa kuongea. Chuo hicho kilichukua watu mara moja kwa mwaka, na bila alama ya Kifaransa hakikupokea mtu.

Mwalimu wa somo haruhusiwi kusogelea chumba cha mtihani. Kwa hiyo Mwalimu Ngoma alikuwa amejifungia katika chumba cha walimu, anasahihisha daftari ileile bila kuona kilichoandikwa, mwalimu mkuu alipotokea mlangoni. Alikuwa mama wa umbo kubwa na sauti ndogo. Safari hii hata hiyo sauti ndogo ilikuwa imepungua.

"Mwalimu, twende ofisini."

"Kuna nini, Mama?"

"Twende kwanza."

Ofisini mtahini alikuwa amesimama, miwani ameishika mkononi. Alikuwa mwanamke mwembamba, nadhifu, asiye na muda wa kupoteza, na wala hakuwa mbaya. Nalisema hili mapema kwa sababu kwa muda kidogo utataka kumchukia.

"Mwalimu," alisema, "nimefanya kazi hii muda mrefu, lakini wizi wa mchana kweupe namna hii sijauona. Mtoto anaingia, namuuliza swali, ananyamaza. Nje ukuta unagonga, ko, ko, ko. Na yeye chini ya meza vidole vinagonga. Halafu jibu linatoka! Wa kwanza nikasema labda ni wasiwasi. Wa pili vilevile. Wa tatu nikafungua mlango ghafla, nikakuta benchi zima linagonga ukuta. Zile ni ishara. Kuna mtu amewafundisha."

Mwalimu Ngoma aliyaona yote kwa mara moja. Walioko nje walikuwa wakijinoa, wanakata vitenzi vyao ukutani kama walivyozoeshwa. Aliyeko ndani alikuwa akikata chake. Hakuna aliyempa mwenzake kitu. Na mtahini alikuwa na haki ya kushuku, kwa sababu hata yeye Ngoma, angekuwa ndiye mtahini, angeshuku.

Maelezo aliyajua, mafupi na ya wazi. Akavuta pumzi ayaseme, na kidole chake, kwa mazoea, kikaenda pajani.

"Haya, tazama!" Mtahini akamgeukia mwalimu mkuu. "Hata yeye! Mbele ya macho yetu! Mwalimu, naomba mikono yako. Juu ya meza. Yote miwili, nami niione."

Akaiweka. Ilikuwa meza ya mbao iliyopakwa vanishi, na viganja vyake vilinata juu yake kwa jasho. Akafungua mdomo. Sauti ya kwanza ikatoka, ikajigonga kwenye meno, ikarudi. Akajaribu tena, ikarudi tena. Taya likafunga. Alikuwa hajalisikia taya lile likifunga mbele ya watu tangu ujana wake, na lilifunga kana kwamba lilikuwa linamsubiri tu. Shingo ikatuna.

Mwalimu mkuu alikunja uso. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka na miaka, naye hakuwahi kumwona mtu huyu akikosa la kusema.

"Mtu mwenye maelezo yake," mtahini alisema taratibu, "mbona anababaika hivi?"

Ngoma aliona aibu, na chini ya aibu aliona hasira, na chini ya vyote viwili aliona woga mtupu. Kama angeweza kupotea pale alipo, angepotea.

"Basi," mtahini akasema, akasukuma karatasi mezani. "Kama kusema kunakushinda, andika. Nitaufunga mtihani, nitapeleka maandishi yako kwa wakubwa, wao wataamua."

"Wataamua lini?" mwalimu mkuu aliuliza.

"Wakikutana. Kwa mwaka huu sidhani."

Karatasi ilikuwa pale, safi, na kalamu juu yake. Niseme ukweli, ilimvutia. Angeandika vizuri, mwandiko wake ulikuwa wa kupendeza, na hakuna mtu chumbani humo ambaye angejua zaidi ya alivyojua asubuhi. Siri yake ingebaki salama, na watoto wangesubiri mwaka. Aliinua macho. Dirishani aliliona benchi: watoto wameketi kimya, mikono wameikalia, kiranja amesimama mbele yao kama askari. Chiriku alikuwa mwisho kabisa, na kwa mara ya kwanza tangu amjue, mdomo wake ulikuwa umefungwa.

Mwalimu Ngoma akaisukuma karatasi ikarudi ilikotoka.

"Mi," alisema. "Mi, mi, mi." Mtahini alitaka kusema kitu, akaghairi. "Mimi ni-ni-nina ki." Hapo kwenye ki alikaa muda mrefu sana. Mwalimu mkuu aliangalia viatu vyake, kisha mapazia, kisha viatu tena. "Kigugumizi," akamaliza, na machozi yalikuwa yamemlengalenga kwa nguvu aliyoitumia. "Ni-ni-nikigonga, si-si-sikwami. Nimewa-nimewafundisha hi-hivyo hivyo. Wa-wanahesabu silabi tu. Si, si ishara."

Mwalimu mkuu alikuwa ameweka mkono mdomoni.

Mtahini alivaa miwani yake. Uso ulikuwa umelegea kidogo, lakini kazi yake hakuisahau, nami simlaumu. "Pole sana, Mwalimu. Ila kuwa na kigugumizi hakuzuii kuwa na ishara. Nitajuaje kwamba ule ukuta hausemi kitu?"

"Ni-ni-nipe kitenzi. Chako. Mu-mu-muite mmoja wao."

Mtahini alifikiri. Kisha akafungua bahasha yake, akachagua kifungu ambacho hakikuwa kimetumika, akakificha kwa kiganja na kumwonyesha mwalimu mstari mmoja tu: ils s'en seraient allés. Wangalikwisha kwenda zao. Chiriku akaitwa. Aliingia macho mekundu, akaambiwa asimame akitazama ukuta, amwache mwalimu mgongoni.

"Mwalimu wako atagonga meza," mtahini alimwambia. "Wewe utaniambia amesema nini. Ukijua, sema. Ukinificha na nikagundua, nitawafuta wote."

Msichana aliitikia kwa kichwa. Pengine hakuelewa kama akijua ndiyo salama au asipojua, na hakuna aliyemweleza. Mwalimu Ngoma akakata kimoyomoyo, il-san-se-re-ta-le, na kifundo cha kidole kikagonga meza mara sita.

"Haya," mtahini alisema. "Amesema nini?"

"Sijui, Mama."

"Hujui kabisa?"

"Ni silabi sita. Basi." Akasita, na uchiriku wake ukamshinda hata katika hatari ile. "Ila ni Kifaransa."

Mwalimu mkuu aliguna. Mtahini aliinama mbele, na sauti yake ikawa baridi. "Umejuaje kuwa ni Kifaransa?"

Ngoma alitamani amzibe mdomo. Binti huyu angekaa kimya tu, Mungu wangu, mara moja tu katika maisha yake!

"Pigo la mwisho ndilo amelikandamiza," Chiriku aliuambia ukuta. "Mfaransa anakandamiza mwishoni. Ingekuwa Kiswahili angekandamiza la tano, la pili kutoka mwisho. Mtu akigonga kwa Kiswahili tunamjua. Lakini neno lenyewe hatulijui, Mama, linaweza kuwa lolote lile. Naweza kugeuka? Shingo inaniuma."

Mtahini alitazama mstari uliokuwa chini ya kiganja chake. Midomo yake ilitembea kidogo, bila sauti, akiujaribu, na kichwa kikamwinama kwenye silabi ya mwisho. Kisha akatoa pumzi ambayo ilikuwa karibu na kicheko.

"Geuka," alisema. "Nenda kakae na wenzako."

Mtoto alipotoka, mtahini aliikunja karatasi tupu akaitia kwenye mkoba. Mtihani ungeendelea. Wale watatu wa kwanza wangerudia. Ila kwa sharti: benchi lihamishiwe upande wa pili wa uwanja, na kila atakayeingia aweke mikono yote miwili juu ya meza, vidole vimetulia. "Siwezi kuandika kwamba nimesikiliza mtihani wa mdomo uliofanywa na vidole. Na hilo uwaambie wewe mwenyewe, Mwalimu, sasa hivi, mbele yangu. Wakiambiwa na mimi wataogopa, na mtoto aliyeogopa simsikii vizuri."

Mwalimu mkuu alianza kusema kwamba yeye angeweza kuwaambia. Ngoma alikuwa ameshafika mlangoni.

Walisimama alipowafikia. Aliiweka mikono yake mgongoni, akaishikanisha moja kwa nyingine, maana aliona kwamba hawezi kuwanyang'anya kitu ambacho yeye bado amekishika. Akaanza. Neno la kwanza lilikuwa lao wenyewe, wanafunzi, na lilikwama kwenye wa. Likakwama vibaya. Mvulana mmoja wa mstari wa mbele alipasuka kicheko, cha kuchanganyikiwa tu, wala si cha ubaya, akadhani mwalimu anawatania. Kisha akauona uso wake, na kicheko kikamwishia kinywani.

Ngoma aliendelea. Aliwaambia kwamba hii ndiyo sauti yake, kwamba kugonga kulikuwa dawa yake, na kwamba aliwapa dawa hiyo watu wasioumwa. Wao wanaweza bila. Ilikuwa sentensi ya kusemwa na mtu mwingine huku anatafuta funguo mfukoni. Yeye ilimchukua muda mrefu, na hadi anaimaliza kola ya shati lake ilikuwa imelowa. Hakuna aliyetikisika. Chiriku alikuwa analia waziwazi, na bila kelele, jambo ambalo lilikuwa geni kwake.

"Mi-mikono juu ya meza," alimalizia. "Na ms-msiharakishe."

Chiriku ndiye aliyeitwa wa kwanza. Mlango wa maktaba ukafungwa. Kwa kuwa mwalimu wa somo hapaswi kuwa karibu, mwalimu mkuu alimshika kiwiko wakaanza kuondoka, na njia yao ilipita chini ya madirisha. Walikuwa katikati sauti ya msichana iliposikika, inasoma kwa haraka yake ya kawaida, kisha ikafika mahali ikakatika.

Ngoma akasimama. Mikono ya mtoto yule ilikuwa juu ya meza mbele ya mgeni, na kitenzi kilikuwa kimemziba, na mtu aliyemzoesha kugonga alikuwa nje ya ukuta hana la kumsaidia. Alijiona mwovu. Kimya kilizidi kuwa kirefu. Halafu sauti ikarudi, ndogo, taratibu kuliko alivyowahi kuisikia, inaweka silabi moja baada ya nyingine, ikaruka ua pale panaporukwa, ikatua mwishoni kwa uzito wake. Ikaendelea na sentensi iliyofuata.

Ngoma alitaka kucheka, alitaka kukaa chini, na zaidi alitaka kwenda nyumbani amweleze mkewe.

"Mwalimu," mwalimu mkuu alisema kwa ile sauti yake ndogo, walipoanza kutembea tena. "Ungeniambia zamani. Mimi nakutwisha vipindi vyote hivi, kumbe unateseka. Usijali. Muhula ujao nitakutoa madarasani. Nitakupa ratiba na stoo ya vitabu, kazi isiyotaka maneno. Utapumzika."

Alikuwa anasema kwa moyo mweupe. Alikuwa hata amemshika bega. Ngoma alimtazama, na ile huruma ya muuza duka ikamkaa tena kooni, lakini safari hii hakuiacha hapo. Kidole kilikuwa kimeshapata kifungo cha koti. Akakitoa pale, akaiacha mikono ining'inie.

"Ni," alisema. "Ni, ni, nita."

"Nitashukuru," mwalimu mkuu alimmalizia kwa upole. "Najua, baba. Wala usihangaike."

Mwalimu Ngoma akatikisa kichwa. Akainua kiganja kumwomba anyamaze, na mama yule akanyamaza, akabaki amesimama naye katikati ya uwanja jua likiwawakia. Taya lilikuwa limefunga. Alilisubiri. Kiranja na mvulana mmoja walivuka uwanja wamebeba lile benchi, wakarudi mikono mitupu, na wawili hao bado wamesimama vilevile.

"Nitafundisha," alisema.